Damu Nyingi, Hewa Kidogo

Siku nilipopewa majibu ya kipimo cha damu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipiga picha ile karatasi na kuituma kwenye kundi la familia. Himoglobini 17.9. Nilikuwa nimeenda kupima afya kwa ajili ya kazi mpya, nimebeba hofu ya kila mvutaji anayejua ipo siku atabambwa, na badala ya kubambwa nikakuta namba ya kujivunia. Shangazi alijibu wa kwanza: "Hongera mwanangu, damu unayo." Kaka yangu, ambaye hajawahi kumaliza wiki bila kunisema kuhusu sigara, hakuandika neno. Kimya chake nikakihesabu kuwa ushindi.

Lugha yetu yenyewe ilinisaidia kujidanganya. Mtu akisinyaa tunasema hana damu, damu imepungua, aongezewe damu. Sijawahi kusikia mtu akihurumiwa kwa kuwa na damu nyingi kupita kiasi. Kwa hiyo niliingia kwa daktari kifua mbele, kama mwanafunzi aliyeshika namba moja.

Daktari alikuwa mama wa makamo, si mtu wa maneno mengi. Aliisoma karatasi, akaitazama mikono yangu, hasa vile vidole viwili vyenye umanjano usiotoka kwa sabuni, ndipo akauliza, "Kaka, unavuta ngapi kwa siku?"

Nikajibu kumi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namaliza pakiti ya 20, lakini mvutaji akiulizwa na daktari hugawa kwa mbili. Nadhani wao nao wanajua, wanazidisha wenyewe kimyakimya.

"Basi hii damu unayoifurahia si afya," akasema. "Mwili wako unakosa hewa, unajitetea."

Nilidhani ananitisha tu, maana kwa miaka 14 nilikuwa nimetishwa sana: mapafu meusi kwenye picha za pakiti, kikohozi cha asubuhi, saratani ya uzeeni. Nilishazoea. Damu haikuwahi kuwamo kwenye orodha yangu ya hofu. Sigara si inaingia kifuani? Damu inahusianaje?

Akaagiza kipimo kirudiwe, na huko maabara ndiko nilikoelewa kitu ambacho maneno yalikuwa yameshindwa kunieleza. Dada wa maabara alinivuta damu kidogo, akaiingiza kwenye kijirija cha kioo chembamba kuliko njiti ya kiberiti, akaziba ncha moja, akakiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Mashine ikavuma dakika tano. Alipokitoa, damu ilikuwa imejitenga: chini nguzo nyekundu iliyokoza, juu maji ya manjano hafifu, na katikati mstari mweupe mwembamba kama uzi. Pembeni yake akaweka kijirija kingine, akasema hicho ni chake mwenyewe, alikuwa amejipima asubuhi kuhakiki mashine.

"Hebu angalia, kaka."

Nyekundu yake iliishia chini kidogo ya nusu. Yangu ilivuka nusu. Akaviweka juu ya kibao cha kupimia: yake asilimia 41, yangu 53. Kipimo hicho kinaitwa hematokriti, yaani ni kiasi gani cha damu kinachukuliwa na chembe nyekundu, na kwa mwanamume kwa kawaida huwa kati ya asilimia 40 na 50 hivi. Kisha akakiinamisha kijirija changu huku na huku, ingawa alijua hakuna kitakachosogea, akasema, "Moyo wako ndio unaosukuma hii." Sijui kama alikusudia iniingie vile ilivyoniingia.

Baadaye nilikwenda kusoma, nikauliza, nikarudi kuuliza tena. Nitakueleza nilivyoelewa.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Tunazozisikia ni lami na nikotini. Inayosahaulika ni kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi, na sigara huizalisha kwa sababu ileile ya jiko: kitu kinaungua bila kupata hewa ya kutosha. Himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, ina nafasi nne za kubebea oksijeni. Kaboni monoksidi huzing'ang'ania nafasi hizohizo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni abiria anayeingia kwenye gari, anakaa, kila kituo kinapita yeye hashuki. Na ana ubaya wa pili ambao ulinishangaza kuliko wa kwanza: akishakaa, hata wenzake wa oksijeni walio kwenye nafasi zilizobaki wanashikiliwa kwa nguvu zaidi. Damu inafika kwenye msuli au kwenye ubongo ikiwa na oksijeni, lakini haiiachii vizuri.

Kwa asiyevuta, himoglobini iliyotekwa hivyo ni asilimia moja hivi, kutokana na mwili wenyewe na hewa ya kawaida. Kwa anayemaliza pakiti kwa siku inaweza kuwa asilimia tano, hata kufikia kumi. Gesi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa nne au tano ukiwa unapumua hewa safi. Sasa piga hesabu ya mtu anayewasha sigara kila baada ya dakika 50. Haipati nafasi ya kutoka. Inapanda tangu asubuhi, na usiku tu ndipo inashuka kidogo, halafu sigara ya alfajiri inaipandisha tena. Ile sigara ya kwanza niliyokuwa naiona tamu kuliko zote, nikiivuta kabla hata sijanawa uso, ndiyo iliyokuwa inawakaribisha abiria wa siku nzima.

Figo ndizo zinazogundua. Ndani yake mna chembe zinazopima oksijeni, na zikiona pungufu hutoa homoni iitwayo eritropoietini, inayokwenda kwenye uboho wa mifupa na ujumbe mmoja: tengenezeni chembe nyekundu zaidi. Uboho wa mtu mzima, hata bila kuchokozwa, hutengeneza chembe nyekundu kama milioni mbili kwa sekunde. Wa mvutaji unaombwa uongeze juu ya hapo. Wakati huohuo sehemu ya majimaji ya damu, yaani plazma, nayo hupungua kwa wavutaji wengi. Chembe zinaongezeka, maji yanapungua. Ndiyo 53 yangu hiyo. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliieleza hali hii kwenye jarida la New England Journal of Medicine na kuiita kwa jina la wavutaji, lakini kwangu ilikuwa habari mpya kabisa.

Kwa maneno mengine, namba niliyoitangazia familia ilikuwa risiti ya deni. Nilikuwa na damu nyingi kwa sababu sehemu yake haikufanya kazi, na mwili ulikuwa umeajiri vibarua wa ziada kufidia waliolala kazini. Vibarua hao si bure. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita saba au nane, na inapita kwenye mishipa midogo ambayo mingine ni myembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo lazima ijikunje. Za mvutaji zimechokozwa na kemikali za moshi, utando wake umekakamaa kidogo, hazijikunji vizuri. Zijaze nyingi, zikakamaze, zipunguzie maji, halafu mwambie moyo asukume. Ongeza nikotini inayobana mishipa na kuyaharakisha mapigo. Sasa naelewa kwa nini daktari hakutabasamu.

Hakuniacha hapo. Alisema damu nyingi ina sababu nyingine pia: kuishi sehemu za mwinuko mkubwa, kukatika pumzi usingizini, magonjwa ya mapafu, na ugonjwa wa uboho wenyewe unaotengeneza damu bila kuagizwa. Huo wa mwisho mara nyingi hugunduliwa kwa kupima badiliko kwenye jeni iitwayo JAK2, jambo lililofahamika mwaka 2005. Akaagiza nipimwe. Majibu yalichukua wiki mbili, na nikiri hapa kwamba katika wiki hizo mbili nilivuta kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nilikuwa nasubiri kuambiwa kama uboho wangu ni mgonjwa, na nilisubiri nikiwa na sigara mkononi. Majibu yakaja safi. Ilikuwa sigara tu.

Kuna watu ambao uongo huu wa namba huwaumiza kwa njia nyingine. Mwanamke anayevuta anaweza kuwa na upungufu wa madini ya chuma, himoglobini yake ikasomeka iko sawa, akaambiwa aende nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika vigezo vyake vya upungufu wa damu, huwaelekeza wapimaji watoe kiasi kidogo kwenye himoglobini ya mvutaji kabla ya kuitafsiri: gramu 0.3 kwa desilita kwa anayevuta nusu pakiti hadi pakiti moja, 0.5 kwa pakiti moja hadi mbili, 0.7 kwa anayezidi hapo. Nimeipenda hesabu hii kwa ukali wake. Ni kama kusema: tunajua hii si yako yote.

Namba ya pili iliyonidanganya ilikuwa ya kile kifaa cha kubana kidoleni. Nilikuwa nacho nyumbani, na kila kaka yangu aliponianza nilikibana kwenye kidole mbele yake: 98. "Oksijeni 98, unataka nini tena?" Mara moja nilifanya hivyo dakika chache tu baada ya kuzima kipisi. Kumbe kifaa hicho hupitisha mwanga kwenye kidole na kukisia oksijeni kutokana na rangi ya damu, na himoglobini iliyobeba kaboni monoksidi nayo ni nyekundu ya kung'aa. Vifaa vya kawaida haviwezi kutofautisha. Kilikuwa kinamhesabu abiria mvamizi kuwa abiria halali. Daktari alinipa kifaa kingine, cha kupuliza, kinachosoma kaboni monoksidi kwenye pumzi. Nikashika pumzi sekunde kumi na tano, nikapuliza taratibu. Kikaandika 24, yaani sehemu 24 kwa kila milioni ya hewa. Asiyevuta huwa chini ya kumi, mara nyingi chini ya sita. Hicho hakikubembeleza mtu.

Chembe nyeupe zilikuwa 11.9, juu kidogo ya mpaka. Nikauliza kama nina maambukizi. Sina. Wavutaji kwa jumla huwa na chembe nyeupe nyingi kuliko wasiovuta, tofauti inayoweza kufika robo nzima, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyopanda. Shuleni tulifundishwa kuwa hawa ni askari wa mwili. Sawa, lakini askari walioitwa kambini kila siku kwa miaka 14 bila adui wa kupigana naye huanza kuvunja nyumba za raia. Wanaotangulia kuongezeka ni wale waitwao nutrofili. Wanabeba vimeng'enya vya kuyeyushia vijidudu, na vimeng'enya hivyo vikimwagika kwenye mapafu hula kuta zake laini. Tena nutrofili aliyechokozwa anaweza kutupa nje nyuzi za DNA yake mwenyewe kama wavu wa kunasia bakteria. Ndani ya mshipa wa damu wavu huo hunasa vingine, na hapo tunaingia kwenye kuganda.

(Kuhusu saratani ya damu nitasema kwa ufupi, maana ni habari inayohitaji makala yake. Moshi wa sigara una benzini, ambayo inajulikana kuharibu uboho, na uvutaji unahesabiwa miongoni mwa visababishi vya aina moja ya leukemia inayokuja kwa kasi kwa watu wazima.)

Chembe sahani zangu, zile za kugandisha damu, zilikuwa 268. Mpaka ni 150 hadi 400 na ushee. Hapa angalau, nikamwambia daktari, sina neno. Akanijibu kwa swali: "Ukihesabu watu waliopo kituoni, utajua nani amekasirika?"

Sijui kama amewahi kumwambia mtu mwingine hivyo au ilimjia palepale, lakini ndiyo sentensi iliyonibadilisha. Karatasi ya maabara huhesabu chembe sahani. Haisemi zina hali gani.

Hizi ndizo ndogo kuliko zote, vipande visivyo hata na kiini, na kazi yake ilielezwa na Mwitaliano Giulio Bizzozero mwaka 1882. Huishi siku saba hadi kumi. Kama umewahi kujikata ukinyoa ndevu, unazijua kwa kazi: kitone kinatoka, unabonyeza, dakika chache baadaye pamefungwa. Kilichotokea hapo ni kwamba ukuta wa mshipa ulipasuka, chembe sahani zikagusa nyama iliyo nyuma ya ukuta, zikabadilika umbo kutoka sahani laini na kuwa kitu chenye miiba, zikashikana, zikaitana kwa kemikali. Halafu protini ya damu iitwayo fibrinojeni ikageuzwa kuwa nyuzi, nyuzi zikafuma wavu juu ya lile rundo, wavu ukanasa chembe nyekundu. Hilo ndilo bonge la damu. Bila hilo tungemalizika kwa kunyoa ndevu.

Kinachozuia haya yasitokee kila wakati ndani ya mshipa mzima ni utando wa ndani wa mshipa wenyewe. Nilikuwa nikidhani mshipa ni bomba tu. Si bomba, ni kiumbe hai. Utando huo hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi, ambayo iliwapatia wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998, na hutoa pia prostasiklini. Vyote viwili vinaziambia chembe sahani: piteni, hakuna kilichoharibika. Moshi wa sigara huunyamazisha utando. Kemikali zake huila nitriki oksidi kabla haijafika inakokwenda, na utando ukichubuliwa mara kwa mara unatoa kidogo zaidi. Chembe sahani za mvutaji zinapita kwenye mshipa usiosema chochote, huku zenyewe zimeshachokozwa na moshi. Idadi ni ileile 268. Tabia ni nyingine.

Ini nalo, likihisi uvimbe unaofuka mwili mzima, linaongeza fibrinojeni kwenye damu. Nyuzi zinazofumwa kutokana nayo kwa mvutaji huwa zimebanana zaidi, wavu mzito, na mwili unapata shida kuuyeyusha. Kwa kawaida mshipa wenyewe hutoa kiyeyusho cha bonge, ila utando uliochubuliwa hukitoa kwa uchache. Kwa hiyo bonge la mvutaji hujengwa upesi, likawa gumu, likachelewa kubomolewa. Mjerumani Rudolf Virchow, katika karne ya 19, alifundisha kuhusu kuganda kwa damu ndani ya mishipa, na hadi leo wanafunzi wa udaktari hukariri mambo matatu yanayobeba jina lake: ukuta wa mshipa ulioharibika, damu iliyobadilika, mwendo wa damu uliovurugika. Ni vigumu kupata kitu kimoja cha kununua dukani kinachogusa yote matatu kama sigara.

Hapo ndipo nilipojaribu ujanja. Nikamuuliza daktari kama si ningemeza tu aspirini kila siku, damu ikawa nyepesi, nikaendelea na yangu. Alicheka kwa mara ya kwanza. Aspirini, alinieleza, hufunga mlango mmoja tu ambao chembe sahani huitania, na kwa hizo zilizoguswa huufunga hadi zife. Haiwashushi abiria wa kaboni monoksidi, haiponyi utando, haipunguzi fibrinojeni, na inaweza kukutoboa tumbo. Hupewa watu wenye sababu yake, kwa uamuzi wa daktari. "Usije ukamaliza dawa ya watu," akasema, "ili ununue sigara kwa amani."

Jambo hili la bonge ndilo linaloeleza kwa nini sigara inaua watu ambao mapafu yao hayajafika popote. Mafuta na kovu hujijenga ndani ya mshipa wa moyo polepole, miaka na miaka, na mtu anaweza kuishi navyo. Siku ambayo kovu hilo linachanika, chembe sahani hukimbilia pale kama kwenye jeraha la kunyoa, maana hazijui tofauti. Ukubwa wa bonge litakalojengeka katika dakika zile ndio unaoamua. Waliochunguza maiti za wanaume waliokufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo waliona kwamba uvutaji ulihusiana hasa na bonge jipya lililoziba mshipa, kuliko na mshipa uliosinyaa polepole tu. Watafiti Richard Doll na Bradford Hill, walipotoa ripoti ya madaktari wa Uingereza waliokuwa wakiwafuatilia, mwaka 1954, walikuwa wanatafuta saratani ya mapafu na wakaipata. Lakini vifo vya mishipa ya moyo iliyoganda navyo vilikuwa vinapanda pamoja na idadi ya sigara. Bonge kama hilo likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi. Kwa wachache, hasa vijana, ugonjwa hushambulia mishipa midogo ya vidole vya mikono na miguu hadi vikafa. Daktari Leo Buerger aliueleza mwaka 1908, na dawa yake ya maana hadi leo ni kuacha tumbaku kabisa, si kupunguza.

Kupunguza. Hilo lilikuwa pendekezo langu la pili. Nilisema nitashuka hadi tatu kwa siku. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Moja. Ukiwaza kimapafu haiingii akilini: moja ni sehemu ya ishirini. Ukiwaza kichembe sahani inaingia. Utando wa mshipa hauhitaji pakiti ili unyamaze, na chembe sahani huchokozeka kwa dozi ndogo, hata kwa moshi wa mtu aliyekaa jirani. Ndiyo sababu siwaelewi tena wanaosema "mimi navuta moja tu ya jioni," ingawa niliwahi kuwaonea wivu. Shisha nayo isikudanganye kwa kupita kwenye maji. Maji hayachuji kaboni monoksidi, na mkaa ulio juu huiongeza. Kikao kimoja kinaweza kukuachia nyingi kuliko sigara.

Dada yangu anavuta kwa siri. Familia nzima inajua siri hiyo. Nilipofika kwenye habari ya vidonge vya uzazi wa mpango nikampigia usiku huohuo.

"Dada, samahani kwa swali. Vile vidonge unavyotumia vina estrojeni?"

"Umeanza lini kuwa nesi?"

Ana miaka 37. Estrojeni yenyewe huiongezea damu uwezo wa kuganda, na ikikutana na sigara kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35, hatari ya moyo na kiharusi inapanda kiasi kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi: anayevuta 15 au zaidi kwa siku asivitumie kabisa, na anayevuta chini ya hapo kwa kawaida asivitumie pia. Njia nyingine zisizo na estrojeni zipo. Alinisikiliza kwa kimya, kisha akasema aliyempa vidonge hakuwahi kumuuliza kama anavuta. Nikamuuliza kama angejibu ukweli. Akakata simu. Wiki iliyofuata alibadilisha njia. Sigara bado, lakini sisemi kitu. Najua kaka yangu alivyonichosha.

Niliacha siku ya Jumatano, bila sherehe. Arosto ya siku tatu za kwanza sitaieleza, walioipitia wanaijua na wengine hawatanielewa. Nitasema tu kwamba nilibandika kiraka cha nikotini kwa ushauri wa daktari, na kwamba nilikuwa nimekiogopa bure: kina nikotini, ndiyo, ila hakiungui, hakina kaboni monoksidi. Ijumaa asubuhi nilikwenda kupuliza tena. Kifaa kikaandika 3. Nilikitazama nikadhani kimeharibika. Miaka 14 ya abiria wale wakaidi, na wameshuka wote kwa siku moja na nusu.

Vingine havikuwa na haraka hiyo. Chembe sahani zilizozaliwa ndani ya moshi zilikuwa zimekufa zote kufikia wiki ya pili, mahali pake zikaja ambazo hazijawahi kuuona. Hilo sikulipima, nililihesabu tu kwenye kalenda na likanipa nguvu siku mbaya. Chembe nyeupe zilishuka hadi 8.1 mwezi wa pili. Fibrinojeni hurudi taratibu sana, kwa miaka. Hatari ya moyo, kwa wastani wa watu wengi, hupungua sana ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hukaribia ya asiyewahi kuvuta baada ya miaka 15 hivi. Chembe nyekundu huishi siku 120, kwa hiyo nilisubiri miezi minne ndipo nikarudi kwa dada wa maabara.

Alinikumbuka. Kijirija kikazungushwa, kikatoka, na safari hii sikuhitaji kibao: nyekundu iliishia chini ya nusu, maji ya manjano yamerudi mahali pake juu. Hematokriti 46, himoglobini 15.4. Nikaomba ruhusa nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia bila maelezo.

Kaka yangu aliandika, "Sasa hapo." Shangazi hakuandika. Alipiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi chini kwanza ndipo apige: kumbe nilikuwa naumwa na sisemi, damu imeshuka kutoka 17 mpaka 15, nani anayenitunza huko. Nikaanza kumweleza habari ya figo, ya uboho, ya abiria wasioshuka. Kabla sijafika mbali nikamsikia akimuuliza mtu aliyekuwa pembeni yake ni nani kati ya binamu zangu mwenye kundi la damu kama langu.